Hatua Sitini na Nne

Asubuhi ile walipofika makaburini walikuta kaburi lao lina mwenyewe.

Kigingi cha mti chenye kichwa chekundu kilikuwa kimepigiliwa ubavuni mwa zege, kimeandikwa namba mia moja na saba. Juu ya zege lenyewe, palepale penye jina la marehemu, alikuwa amekaa mwanamume mnene mwenye viatu vya mpira, anachokonoa meno kwa kijiti. Alikuwa muuza nyama wa sokoni. Wote walimjua, na yeye aliwajua, maana walikuwa wateja wa robo kilo.

"Shikamoo, mama," alisema bila kunyanyuka.

"Marahaba, baba. Mbona umemkalia mume wangu?"

"Nimekaa kwa mama yangu. Mume wako simjui."

Bibi aliyekuwa akisema naye alikuwa ndani ya toroli la ujenzi, amewekewa mto chini, miguu imening'inia mbele. Nyonga ilimvunjika miaka kumi na mmoja iliyopita na haikuunga vizuri, kwa hiyo safari zake za makaburini alisukumwa na mwanawe. "Napakiwa kama mfuko wa saruji," alizoea kusema, "ila saruji ina bei." Mwanawe alikuwa mwashi. Watu walimwita Timazi, jina la ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu kuta zake hazikuwahi kupinda. Nyuma yao alikuja mke wa Timazi, mshonaji, amebeba panga la kufyekea na ndoo ya maji.

Walikuwa wamekuja kupigilia kigingi chao wenyewe. Tangazo lilibandikwa wiki mbili nyuma: makaburi haya ya zamani, yaliyoachwa yakala majani, yatasawazishwa yawe maegesho ya malori. Mwenye marehemu wake aje amtambue na apewe namba kabla ya Alhamisi. Aliye na namba atafukuliwa na kuhamishiwa makaburi mapya ng'ambo ya barabara. Asiye na namba atabaki chini, na malori juu yake.

"Ndugu yangu," Timazi alisema kwa upole, "hili zege nimelimwaga mimi. Jina hilo nimeliandika mimi kwa msumari."

"Sikatai. Umeandika vizuri tu. Ila umeandika juu ya mama yangu." Muuza nyama alitupa kijiti. "Mama tulimzungushia matofali ya kuchoma, yamesimamishwa wima, kumi na manane. Dada yangu aliyabeba kichwani. Wewe una nyundo hapo. Vunja pembe. Ukikosa matofali, ng'oa kigingi changu unipige nacho."

Timazi aliitoa nyundo kwenye mfuko. Aliiangalia. Aliirudisha.

"Vunja, baba watoto," mkewe alisema. "Vunja tumalize aibu hii."

"Hakuna haja."

"Kwa nini hakuna haja?"

"Matofali yapo," Timazi alisema. "Nilijengea juu yake."

Muuza nyama mwenyewe, aliyekuja amejiandaa kwa ugomvi wa siku nzima, alibaki mdomo wazi kama mtu aliyeegemea mlango ukafunguka.

Bibi ndiye aliyeanza. "Kitendawili."

"Mama, jamani," mkwewe alisema.

"Kitendawili!"

"Tega," muuza nyama aliitikia, mazoea tu.

"Nampigia hodi miaka kumi na mmoja, hafungui." Aliwangoja. "Nipeni mji."

"Chukua wa kwangu, mama."

"Jibu ni mama yako. Nimemweleza mambo yangu yote ya ndani, hajanikatiza hata mara moja. Nikasema, loo, mume wangu kifo kimemfundisha adabu." Alicheka kidogo, kisha uso ukamkunjika, akamgeukia mwanawe. "Nirudishe nyumbani."

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na cherehani karibu na mlango ili kupata mwanga, na vipande vya vitambaa chini, na kitanda cha Bibi nyuma ya pazia. Mshonaji alikuwa na sketi nane za sare za kumaliza, lakini mguu wake ulikuwa umetulia juu ya kanyagio.

"Uliyaona matofali," alisema kwa sauti ya chini.

"Niliyaona."

"Ukafikiri nini?"

"Nikafikiri kuna mtu mwema aliyemwekea mzee." Timazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imelegea magotini. "Jua lilikuwa linazama. Maji nimeyabeba mwenyewe kutoka mbali, saruji nimeshaichanganya. Saruji ikishachanganywa haingoji mtu afikiri."

"Na kesho yake? Na mwaka uliofuata? Kila mwezi unamsukuma mama wa watu aende kulia pale!"

"Kila mwezi nilifikiri nitasema."

"Nawasikia," Bibi alisema nyuma ya pazia. "Nyonga imevunjika, masikio mazima. Ulihesabu ngapi?"

"Sitini na nne, mama, kama ulivyonituma. Kutoka pembe ya kisima, kuelekea mlima wenye kilele kilichomeguka."

"Hatua za nani?"

Timazi hakulielewa swali. Katika ufundi wake hatua ilikuwa kipimo. Hatua moja ya Timazi ilikuwa futi tatu kamili, hazipungui hazizidi. Wenzake walishawahi kumwekea dau, wakaleta utepe wa kupimia, wakalipa. Msingi wa nyumba aliupima kwa miguu na hakuna ukuta uliowahi kumsuta. Mama yake alipomtuma, mwaka ule waliporudi kuishi hapa, mama amelala hospitalini na mguu umetundikwa, Timazi alisikia "hatua sitini na nne" kama anavyosikia "mifuko kumi." Akaenda, akahesabu, akakuta tuta mbele ya kidole chake cha mguu.

"Zangu," alisema.

"Lakini nilizihesabu mimi. Siku ya tatu baada ya kuzika, peke yangu. Sikuwa na ubao wala rangi. Nilikuwa na miguu, basi nikaitumia. Nilijua tunahama kufuata kazi, sijui nitarudi lini, nikasema nisimpoteze." Pazia lilitikisika, alikuwa anajaribu kukaa. "Na nilikuwa na mimba ya miezi minane. Nimeshika kiuno, natembea kama bata."

"Mimba ya nani?" Timazi aliuliza, na akili ilikuwa imemwacha.

"Ya kwako, ya nani tena? Ulikuwemo humo. Ungetoa kichwa ukahesabu na wewe."

Mshonaji alicheka kwa nguvu, akaziba mdomo kwa kipande cha sketi. Mumewe hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu kwa vidole, futi tatu, futi moja na nusu, na kadiri alivyohesabu ndivyo baba yake alivyozidi kusogea upande wa kisima.

"Hukuniambia, mama."

"Hukuuliza. Na mimi kila nikikaa pale nilikiona kisima kiko mbali, nikasema macho yangu yamezeeka."

Jioni dada yake Timazi alipiga simu. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mitano, aliishi mjini, na habari ilikuwa imeshamfikia.

"Tulikuamini sisi," alisema, na simu ilikuwa wazi, wote wanasikia. "Kazi moja tu, kumjengea baba. Unawajengea wageni nyumba za ghorofa hazipindi, baba yako mwenyewe unampoteza!"

"Dada, sikiliza..."

"Nisikilize nini? Nitawaambia nini watoto?"

Bibi aliinyoosha shingo kuelekea simu. "Waambie babu yao alikufa," alisema. "Hilo bado ni kweli."

*

Jumatano walirudi wakiwa na kazi mbili.

Kazi ya kwanza aliitoa muuza nyama. Ndugu zake walikuwa wanafika kesho kutoka mbali, na hawangeweza kumkuta mama yao amelala chini ya jina la mwanamume. "Marehemu baba alikuwa na wivu, mama huyu alipigwa marufuku hata kusalimiana na mzibua vyoo," alisema. "Litoe, fundi. Nitasimama hapa hapa."

Timazi alipiga magoti, akashika patasi, akaanza kufuta jina la baba yake. Siku aliyoliandika lilimchukua robo saa, msumari ukiteleza kwenye zege bichi. Sasa zege lilikuwa jiwe. Kila herufi ilitoa vumbi jeupe lililomwingia puani na kwenye kope. Watu waliokuja kutafuta ndugu zao walipita na kusimama.

"Anafanya nini yule?"

"Alikosea kaburi."

"Si Timazi yule?"

"Ndiye."

"Makubwa."

"Herufi za mwisho bado zinasomeka," muuza nyama alisema. Alisema hivyo mara tatu. Ya tatu alikuwa ameshaanza kuona haya, akaongeza, "Pole lakini, fundi."

Kazi ya pili ilikuwa ya Bibi. Mkwewe alimshusha kwenye pembe ya kisima, akampa fimbo, akamshika kiuno. Kisima kilikuwa kimekauka na kujaa matawi. Bibi aliutafuta mlima kwa macho, akaupata, akaanza. Aliburuza mguu wa kulia, akavuta pumzi, akahesabu kwa sauti. Ilimchukua karibu saa nzima, na mara mbili alikalishwa chini anywe maji. Alipofika sitini na nne alikuwa kwenye kichaka cha miiba, na nyuma yake kisima kilikuwa karibu kiasi cha kutupa jiwe bila kutaka shari.

"Hapana," alisema. "Hapa ni karibu mno. Mguu huu sio ule."

"Tufanyeje, mama?"

Bibi alimtazama mkwewe kuanzia juu hadi chini. Walilingana kimo, hilo lilisemwa tangu siku ya posa. "Umezaa watoto wanne. Unakumbuka mwezi wa nane?"

"Nitausahau vipi?"

"Basi chukua huo mto."

Mshonaji aliutoa mto kwenye toroli, akauingiza chini ya gauni, akaufunga kwa kitambaa cha kichwa. Alijisikia mjinga. Alisimama kwenye pembe ya kisima, akashika kiuno, na mwili ukakumbuka wenyewe. Nyayo zilijipanua, mgongo ukaenda nyuma.

"Hongera!" muuza nyama aliita kutoka mbali.

"Asante, leta nyama ya uzazi!" alimjibu, na akaendelea kuhesabu asipoteze hesabu.

Alifika mbele zaidi ya Bibi, kiasi cha hatua kumi na tano. Kati ya alama hizo mbili Timazi na mkewe walifyeka majani, Bibi akiwaonyesha kwa fimbo. Walipomaliza waliona mabonde madogo matatu yaliyotitia ardhini, yamepangana kama vitanda vya wodini. Hakuna jiwe wala kibao wala tofali. Miaka hamsini na mmoja ya mvua ilikuwa imeyafanya yote yafanane.

Karani wa ofisi iliyobandika tangazo alikuja na kopo la rangi, vigingi na kitabu.

"Wangapi?"

"Mmoja," Timazi alisema. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi.

"Mbona naona matatu?"

"Ni mmojawapo."

"Kitabu hiki hakina safu ya mmojawapo, mzee. Jina moja, namba moja, sanduku moja, na shahidi asiye wa ukoo."

"Tupe namba tatu. Tutachimba wenyewe, hatuwasumbui."

"Na hao wawili niwaandike nani? Na nikiwaandika kwenu, wenyewe wakija?"

Timazi aligeuka kulitazama zege alilolifuta jina. Muuza nyama alikuwa amesogea, naye akaombwa awe shahidi. Alijikuna shingo. "Nitasaini moja," alisema. "Moja naweza kuapa kuwa nimewaona mnatafuta kwa haki. Tatu ni kifungo."

"Chagueni basi, rangi inakauka."

Wote walimtazama Bibi. Alikuwa amerudishwa kwenye toroli, fimbo mapajani. "Mimi nimeshatembea," alisema. "Miguu imenifikisha hapa. Zaidi ya hapa haijui."

Timazi alitoa kamba. Alipima kutoka alama ya mama yake hadi alama ya mkewe, akaikunja kamba katikati, akairudia mara tatu. Kamba iliangukia kwenye bonde la katikati.

"Ni huyu, mama. Nina uhakika."

"Mara ya kwanza pia ulikuwa nao," Bibi alisema. Lakini hakumkataza.

Kikapigiliwa kigingi namba mia moja kumi na mbili.

*

Ijumaa walichimba wachimbaji wawili wa ofisi. Mwisho wa uwanja greda lilikuwa limeshaanza, linasukuma udongo na majani pamoja. Familia ya muuza nyama ilikuwa imemaliza mapema. Mama yao alitoka na vikuku vyake, wakalia wakijua wanamlilia nani.

Shimo lilipofika kiunoni mchimbaji mmoja aliweka sepetu pembeni akaendelea kwa mikono. Kisha akaacha.

"Fundi," aliita, "marehemu alikuwa na umri gani?"

"Thelathini na sita."

Mchimbaji alitoka shimoni, akajifuta mikono kwenye suruali polepole. "Njoo uangalie."

Timazi aliinama. Mfupa mrefu kuliko yote pale chini haukuzidi penseli mpya.

Mkewe alipokuja kuangalia, alishika mdomo akageuka, akasimama mbele ya toroli ili Bibi asione. Bibi akaona kutokana na hilo.

"Fukieni," Timazi alisema. "Fukieni, tufungue hili la kushoto."

"Mia moja kumi na mbili imeshafunguliwa," karani alisema.

"Si yeye! Huyu ni mtoto!"

"Mzee, nikishafungua sifungi. Kilichotoka kinakwenda. Lori linaondoka saa kumi."

"Na hawa wawili?"

"Hawa hawana namba." Karani hakuwa mtu mbaya. Alifunga kitabu taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Ungekuja wiki mbili zilizopita."

Timazi alinyakua sepetu. Aliruka kwenye bonde la kushoto akaanza kuchimba, na udongo uliruka juu ya viatu vya karani. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na alichimba kama kijana anayeogopa kufukuzwa kazi. Greda lilikaribia, likasimama. Dereva alizima injini kwa heshima, akangoja. Kisha akaiwasha tena. Msimamizi wa kazi alikuja, akamshika Timazi mkono.

"Mzee wangu, usinifanye niite askari mbele ya mama yako."

"Nipe nusu saa."

"Nimeshakupa."

"Toka, mwanangu," Bibi alisema. "Umefika magotini. Mtu hazikwi magotini."

Akatoka. Baba yake alikuwa kwenye lile bonde la kulia, ambalo hakuna aliyeligusa, na kabla ya saa tisa greda lilikuwa limepita juu yake mara mbili.

*

Kaburi jipya, ng'ambo ya barabara, lilikuwa limeshachimbwa tangu asubuhi kwa kipimo cha mwanamume mzima, maana ndiye aliyeandikwa. Sanduku liliposhushwa lilionekana kama kitu kilichomdondoka mtu humo kwa bahati mbaya. Mshonaji hakuvumilia. Alivua kitenge alichojifunga, akashuka mwenyewe kwenye shimo, akalizungushia sanduku kushoto na kulia lisichezecheze.

"Nisogezeni," Bibi alisema.

Walimsogeza hadi ukingoni. Alichukua udongo, akaukamua mkononi hadi ukawa laini, akauachia. Hakulia. Mkwewe alimngoja alie, akaona heri angelia.

"Mama, sema neno basi," alimwambia. "Hata kitendawili."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai."

Bibi alitikisa kichwa. "Yai mtu akigonga linafunguka."

Walifukia. Timazi alichanganya saruji kidogo, mfuko nusu uliobaki kazini kwake, akamwaga na kusawazisha kwa mwiko. Alifanya kazi nzuri. Mikono yake haikujua kufanya nyingine. Zege lilipoanza kushika alitoa msumari mfukoni, akachuchumaa.

"Niandike nini, mama?"

"Usiandike kitu."

"Karani ameagiza jina la baba. Ndilo liko kitabuni."

"Kitabu ni cha karani. Akiuliza, mwambie mama yako hajui kusoma."

"Kaburi bila jina, mama? Baada ya yote haya? Dada atasema nini?"

Bibi aliutazama uwanja ng'ambo ya barabara. Ulikuwa mwekundu na tambarare, na mtu alikuwa ameshaanza kupima kwa chokaa mahali pa kuegesha.

"Huyu ana mama," alisema. "Huenda hajafa. Huenda ni mzee kama mimi, anatafuta mtu wa kumsukuma aje. Akifika hapa akakuta jina la mwanamume wa watu, atapita." Alivuta pumzi. "Asipokuta jina, labda atasimama."

Timazi alirudisha msumari mfukoni. Alichukua mwiko, akaupitisha tena juu ya zege lililokuwa limeshanyooka, mara moja, mara mbili, akiondoa alama za vidole vyake.